Je, mume wangu akatae nyongeza ya mshahara ili tusipoteze msaada?

"Tulifika Kentucky mwaka 2019 kutoka kambi ya Nyarugusu, tukiwa wakimbizi wa Kongo. Tuko saba nyumbani: mimi, mume wangu na watoto watano. Wawili wa mwisho wamezaliwa hapa, mmoja ana miaka minne na mwingine miwili. Mume wangu anafanya kazi kiwandani kwa dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki, na mimi niko nyumbani na watoto. Sisi tuliokuja tuna kadi ya kijani na tunajiandaa kuomba uraia. Desemba hii tumeletewa notisi ya kukatiwa umeme. Jirani alituelekeza kwenye ofisi ya Community Action ya eneo letu, nikaenda na mwanangu wa miaka 13 ili anitafsirie. Aliniambia fedha zimekwisha. Wakamuuliza maswali mengi sana kuhusu maisha yetu, kisha wakatupa karatasi ya mpango wa kutufanya 'tujitegemee'. Nilielewa kwamba wanatufukuza kwa adabu. Kanisani nako tumeambiwa kwamba anayepokea msaada hatapewa uraia. Sasa mume wangu amepewa nafasi ya kusimamia zamu kwa dola 19.50 kwa saa, naye anataka kuikataa kwa sababu anasema tutapoteza stempu za chakula na kadi ya matibabu. Mimi nilitamani kusomea kazi ya kuhudumia wagonjwa. Tufanye nini?"

Dada yangu, umeleta mambo manne katika furushi moja: umeme unaotaka kukatwa, ofisi uliyotoka ukiwa na uchungu, uraia, na nyongeza ya mshahara ambayo mumeo anaiogopa. Nitayafungua moja baada ya jingine. Hata hivyo niseme mapema kwamba ile karatasi ya mpango haikuwa njia ya kukufukuza. Kwa miaka mingi nimekaa upande wa pili wa meza kama ile, na kwa ninavyoifahamu kazi yenyewe, karatasi hiyo ina thamani kuliko bili moja ambayo ungelipiwa siku ile ukarudi nyumbani na kungoja bili inayofuata.

Tuanze na umeme, kwa sababu hausubiri. Msaada wa kulipia umeme na joto la nyumba unatokana na mpango wa serikali kuu uitwao LIHEAP, ulioanzishwa mwaka 1981. Tofauti yake na stempu za chakula ni kubwa, na watu wengi hawaambiwi. Stempu ni haki ya kila anayetimiza masharti: watu wakiongezeka, fedha huongezeka. LIHEAP ni fungu. Serikali kuu hulipa kila jimbo kiasi chake, jimbo hukigawa kwa ofisi za maeneo, na fungu likiisha limeisha, hata kama aliye mwisho wa foleni anastahili kuliko aliye mbele yake. Kwa hiyo anayeambiwa "hakuna fedha" hajaambiwa kwamba hastahili.

Lakini katika habari yako kuna jambo lililonifanya nisimame. Kwa kawaida jimbo la Kentucky hugawa msaada huu wakati wa baridi kwa awamu mbili. Ya kwanza ni ya ruzuku, inayofunguliwa mwishoni mwa vuli kwa kila kaya yenye kipato kidogo, iwe na deni au isiwe nalo. Ya pili ni ya dharura, ambayo kwa kawaida huanza Januari, na hiyo imewekwa hasa kwa wenye notisi ya kukatiwa au wanaokaribia kuishiwa na kuni, gesi au mafuta. Wewe ulikwenda Desemba ukiwa na notisi mkononi. Inawezekana kabisa kwamba afisa alisema fungu la ruzuku limefungwa na la dharura bado halijafunguliwa, na maneno hayo mawili yakafika kwako yakiwa neno moja: zimekwisha. Simlaumu mtoto. Hata watu wazima waliozaliwa hapa huchanganyikiwa na ratiba hizi. Isitoshe, mwaka 2025 serikali kuu ilifungwa kwa kukosa bajeti kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba, jambo lililochelewesha fedha hizi katika majimbo mengi.

Kwa hiyo leo, kabla ya kesho, ipigieni simu kampuni ya umeme yenyewe. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, waelezeni kwamba mnaomba msaada wa LIHEAP, na muulize kama wanaweza kuwapangia malipo ya awamu au kuahirisha tarehe ya kukata. Kampuni nyingi hukubali, kwa kuwa kukata na kuunganisha tena huwagharimu wao pia. Lakini hukubali kwa urahisi zaidi kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye notisi kuliko baada yake. Kisha pigeni namba 211, ambayo huwaunganisha watu na misaada ya eneo lao, muulizie mashirika ya hisani ya Salvation Army na St. Vincent de Paul, ambayo mara nyingi hulipa sehemu ndogo ya bili. Halafu rudini kwenye ofisi ya Community Action mara tu awamu ya dharura itakapofunguliwa, ikiwezekana siku ya kwanza, asubuhi. Mkikubaliwa, msishangae kutopewa fedha mkononi, maana malipo huenda moja kwa moja kwa kampuni. Na mkikataliwa, au ombi lenu likikaa bila jibu kwa muda usio wa haki, sheria ya LIHEAP yenyewe inawapa haki ya kusikilizwa rasmi. Ombeni barua ya kukataliwa, kwa sababu bila barua hakuna cha kukatia rufaa.

Sasa nije kwenye ofisi yenyewe. Nadhani uliingia ukiifikiria kama ofisi ya ugawaji kambini, mahali unapofika na kadi, unapimiwa, unaondoka. Haikuanzishwa kwa kazi hiyo. Mwezi Aprili mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alifika Inez, mji mdogo wa kaunti ya Martin hapo hapo Kentucky, akaketi barazani kwa familia moja maskini na kuzungumza nao mbele ya waandishi wa habari. Mwezi Agosti mwaka huohuo alitia saini sheria iliyozaa mashirika haya ya Community Action. Wazo lake, ambalo wakati ule liliwaudhi wanasiasa wengi, lilikuwa kwamba watu maskini wa eneo washiriki wenyewe katika kuamua fedha za kupambana na umaskini zitumikeje. Mwaka 1981, wakati wa Rais Reagan, fedha hizo ziligeuzwa kuwa fungu moja linalopitia kwa majimbo, na ndivyo ilivyo hadi leo. Yako mashirika yapatayo elfu moja nchi nzima. Kentucky ina 23, yanayogawana kaunti zote 120, kiasi kwamba hakuna kijiji katika jimbo hilo kisichohudumiwa na mojawapo.

Mengi kati yake ni mashirika yasiyo ya faida, si idara za serikali, ingawa yanaendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za serikali. Sheria inataka bodi zao ziundwe kwa mafungu matatu: theluthi moja viongozi waliochaguliwa na wananchi, angalau theluthi moja wawakilishi waliochaguliwa na watu wa kipato cha chini wenyewe, na waliobaki kutoka kwenye biashara, dini, elimu na makundi mengine ya eneo. Katika eneo ambalo kila shule ina watoto wanaozungumza Kiswahili, nimewahi kuuliza kwa nini hakuna hata mama mmoja wetu katika theluthi ile ya pili, nikajibiwa kwamba hakuna aliyejitokeza. Hilo tuliache kwa sasa.

Ni neno "kujitegemea" lililokuumiza, na ninakuelewa. Mtu aliyelelewa Kongo akiambiwa ajitegemee husikia "Article 15": msemo wa kwao unaosema jidebruye, yaani jitafutie mwenyewe, serikali haimo. Na kwa kuwa mmeishi kambini kule Kigoma, Tanzania, bila shaka mmelisikia neno hilohilo kwa sauti ya Azimio la Arusha la 1967, ambako lilikuwa agizo kwa taifa zima. Katika ofisi ile lina maana nyembamba zaidi na ya kikazi. Maana yake ni kwamba kaya ifikie mahali ambapo kipato chake kinalipa nyumba, chakula, usafiri na malezi ya watoto bila kuyumba kila mwezi, na kwamba shirika lipimwe kwa idadi ya kaya zilizosogea kuelekea huko, si kwa idadi ya bili zilizolipwa tu. Ndiyo sababu ya maswali mengi. Umri, shule mliyofikia, bima, aina ya nyumba, vyanzo vya kipato: yote hayo huingia katika ripoti ambayo shirika hupeleka kila mwaka kwa jimbo, na jimbo kwa serikali kuu, kwa hesabu za jumla zisizo na majina. Ofisi nyingine hutumia pia ngazi ya hatua kadhaa, kuanzia kaya iliyo katika dharura hadi iliyo imara, na kuiweka familia kwenye hatua moja kwa kila jambo: kazi, nyumba, afya, elimu. Familia yenu, kwa uliyonieleza, ingekuwa imara kwa upande wa kazi na dhaifu kwa upande wa akiba. Hakuna aibu katika hilo, na afisa aliyekuhoji alipaswa kukueleza hivyo kabla ya kuanza kuuliza.

Ukiisaini ile karatasi ya mpango, unapata mtu mmoja anayeifahamu kaya yenu, anayewaita tena baada ya wiki kadhaa, na mwenye fungu dogo linaloweza kulipa vitu ambavyo mipango mingine hailipi: sare za mafunzo, vitabu, ada ya mtihani, pengine tairi la gari linalompeleka mtu kazini. Sitakuficha udhaifu wake. Fungu hilo ni dogo kweli, maafisa ni wachache na hubadilika mara kwa mara, na zipo ofisi ambako mpango hujazwa kisha ukalala kwenye faili. Ndiyo maana mwenye kuufuatilia lazima awe wewe.

Kuhusu uraia, uliyoambiwa kanisani si kweli kwa familia yenu, na naomba mumeo asome aya hii mwenyewe. Kanuni inayowatisha watu ni ile inayomzuia mgeni anayehofiwa kuwa mzigo kwa umma, nayo huangaliwa mtu anapoomba kuingia nchini au kupewa ukaazi wa kudumu. Sheria inawatoa wakimbizi katika kanuni hiyo waziwazi hata wanapoomba kadi ya kijani, na ninyi mmekwisha kuipata. Katika maombi ya uraia kanuni hiyo haimo. Kinachoangaliwa huko ni mwenendo mwema, na kupokea msaada unaostahili si doa katika mwenendo. Doa ni kusema uongo ili kuupata: kuficha mshahara, kumwandika mtu asiyeishi nyumbani, kuuza stempu. Zaidi ya hayo, kwa kanuni zilizopo ninapoandika, kaya inayopokea msaada unaotolewa kwa kigezo cha kipato, kama vile stempu, inaweza kuomba isamehewe ada ya uraia, ambayo ni dola 760 kwa fomu ya karatasi. Kwa watu wazima wawili hiyo ni zaidi ya dola 1,500. Msaada mnaouogopa unaweza kuwa ndio unaowafungulia mlango wa uraia bila ada.

Kuna mahali pamoja katika mambo ya uhamiaji ambapo kipato kidogo huzuia kweli. Siku mkiwa raia na mkitaka kumleta mzazi aliyebaki kambini, mtatakiwa kuonyesha kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa kaya yenu ya watu saba ikiongezwa mzazi huyo, yaani watu wanane, kwa viwango vya 2025, hiyo ni zaidi kidogo ya dola 67,600 kwa mwaka, na stempu hazihesabiwi kama kipato. Hapo kitakachowakwamisha ni mishahara kuwa midogo.

Tufike basi kwenye nyongeza. Hofu ya mumeo haikutoka hewani, kwa kuwa wapo watu ambao dola chache za ziada zimewatupa nje ya mpango mzima kwa mkupuo mmoja. Lakini hofu hii lazima ipigiwe hesabu ya kila kaya, na hesabu yenu ni hii. Dola 17 kwa saa ni dola 35,360 kwa mwaka. Dola 19.50 ni 40,560. Tofauti ni dola 5,200. Kiwango cha umaskini cha serikali kuu kwa kaya ya watu saba mwaka 2025 ni dola 48,650. Maana yake ni kwamba hata baada ya nyongeza bado mtakuwa chini ya kiwango hicho kwa zaidi ya dola 8,000.

Angalia sasa mipango yenyewe. Kikomo cha msingi cha stempu ni asilimia 130 ya kiwango hicho, yaani dola 63,245 kwa kaya yenu, hamkaribii. Kentucky ni moja ya majimbo yaliyopanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ile mnayoiita kadi ya matibabu, na kwa watu wazima kikomo chake ni asilimia 138, yaani takriban dola 67,000, huku cha watoto kikiwa juu zaidi. Kadi ya matibabu haiguswi. LIHEAP katika jimbo lenu imekuwa ikitumia asilimia 150, karibu dola 73,000. Hakuna hata mlango mmoja kati ya hii unaofungwa kwa kazi ile mpya.

Kitakachotokea ni kupungua, na kupungua si sawa na kupoteza. Stempu hupunguzwa taratibu: kila dola ya mshahara iliyoongezeka huondoa kati ya senti 24 na 36 za stempu, kulingana na kodi ya nyumba mnayolipa. Nyongeza yenu ni kama dola 433 kwa mwezi, kwa hiyo stempu zitashuka kwa dola 104 hadi 156 hivi. Makato ya pensheni na ya Medicare, bima ya afya ya wazee, kutoka kwenye nyongeza yatakuwa kama dola 398 kwa mwaka. Ile ruzuku ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, ambayo kwa wanandoa wenye watoto watatu au zaidi hufikia dola 8,046 kwa mwaka wa kodi wa 2025, itapungua kwa takriban dola 1,095, kwa sababu kipato chenu kimeshapita pale inapoanza kupungua. Kwa upande mwingine, sehemu ya ruzuku ya kodi kwa ajili ya watoto inayorudishwa taslimu, kwa kaya yenye watoto watano na mshahara wenu, itaongezeka kwa takriban dola 780, ikiwa watoto wote wana namba za Social Security, yaani za hifadhi ya jamii. Ukijumlisha na kutoa, mnabaki na kati ya dola 2,600 na 3,200 za faida kwa mwaka kabla ya kodi za jimbo na za mji, ambazo zinaweza kula mia kadhaa nyingine.

Kwa hiyo karibu nusu ya nyongeza itayeyuka. Sioni sababu ya kuipamba hesabu hii, kwani mtu aliyeambiwa ataongezewa dola mbili na nusu kwa saa ana haki ya kuudhika akiona moja tu imefika nyumbani. Hata hivyo, nusu inayobaki ni bili za umeme za miezi mingi. Tena msimamizi wa zamu leo ana njia ya kupanda kesho, hujenga pensheni kubwa zaidi, na akihamia kiwanda kingine huenda na cheo chake. Ushauri wangu ni kwamba aikubali, isipokuwa kama zamu hiyo inabadilisha saa za kazi kiasi cha kuwavurugia malezi ya watoto. Hilo nalo ni gharama, nalo halimo katika hesabu yangu. Na akikubali, itaarifuni ofisi ya stempu kwa wakati, kwa sababu kiasi kilicholipwa kupita stahili hudaiwa, na deni hilo ndilo huwafanya watu waamini kwamba nyongeza iliwafukarisha.

Hali itabadilika pale wewe nawe utakapoanza kupata mshahara. Ndipo mtakapoanza kuvikaribia vikomo halisi, na hapo ndipo yule afisa wa mpango ana kazi ya kufanya: kukaa nanyi na kupiga hesabu kabla ya kila hatua, si baada yake. Lakini kwanza upate mahali pa kuwaacha watoto. Mashirika mengi ya Community Action huendesha Head Start, mpango wa malezi na elimu ya awali ulioanza mwaka 1965, na pale ambapo hayauendeshi huujua mlango wake. Ni bure. Mtoto wa miaka minne anaingia Head Start yenyewe, na wa miaka miwili anaweza kuingia tawi lake la watoto wachanga ikiwa lipo eneo lenu. Kipato chenu, hata baada ya nyongeza, kiko ndani ya kiwango, na tena kaya inayopata stempu huhesabiwa kuwa imestahili. Jambo zuri zaidi kwa mwenye wasiwasi wa mumeo ni kwamba mtoto akishaandikishwa, huhesabiwa kuwa anastahili hadi mwisho wa mwaka wa mpango unaofuata, hata mishahara ikipanda katikati. Nafasi ndizo chache. Kawaandikishe sasa, hata kama jibu litakuwa foleni.

Kazi ya kuhudumia wagonjwa uliyoitamani ni chaguo la busara kwa anayeanza. Sheria ya serikali kuu inataka mafunzo yasiyopungua saa 75 pamoja na mtihani, si miaka ya chuo. Kabla hujalipa shule yoyote hata senti moja, ujue kwamba nyumba za kutunzia wazee zinazolipwa na Medicare au Medicaid haziruhusiwi kumtoza ada ya mafunzo mtu ambaye tayari zimemwajiri au zimemwahidi kazi, na kwamba anayejilipia mwenyewe kisha akaajiriwa katika nyumba kama hiyo ndani ya miezi 12 anastahili kurudishiwa. Nimewaona dada zetu wakikopa kwa ajili ya masomo ambayo mwajiri angeyalipia. Mshahara wa kuanzia si mkubwa na kazi inachosha mgongo. Lakini ni mlango wa kuingilia kwenye hospitali, na Kiingereza utakachojifunza ndani yake hakipatikani darasani.

Kwenye ofisi hiyohiyo ulizieni mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza ni mpango wa kuziba mianya na kuweka vizuizi vya baridi nyumbani, ulioanza mwaka 1976. Mpangaji naye anaweza kuupata, ilimradi mwenye nyumba akubali, na bila hiyo mtaendelea kulipia joto linalotoroka dirishani kila Januari. La pili ni huduma ya bure ya kujaza fomu za kodi, inayofanywa na watu waliojitolea na kuthibitishwa na mamlaka ya kodi. Fomu yenu ina ruzuku mbili kubwa, na wapo wajazaji wa mitaani wanaotoza mamia ya dola na kuwakopesha watu fedha zao wenyewe kabla hazijafika. Fedha hizo kisheria hazitolewi kabla ya katikati ya Februari, kwa hiyo mkizungumza na kampuni ya umeme kuhusu malipo ya awamu, wekeni awamu kubwa mwisho wa Februari au Machi.

Yapo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Ikiwa katika kaya yenu yuko mtu ambaye kesi yake ya uhamiaji bado haijaamuliwa, au yeyote kati yenu amewahi kukamatwa na polisi, au kuna jambo lililoandikwa kimakosa katika fomu za zamani, hata zile za kambini, msijaze fomu ya uraia kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Sera za uhamiaji zimebadilika mara nyingi katika mwaka 2025, na ndugu wa kanisani anayejaza fomu kwa dola 50, hata awe na nia njema, hawezi kuzifuatilia zote. Mkiletewa karatasi ya mahakama ya kuwatoa kwenye nyumba, tafuteni ofisi ya msaada wa kisheria siku hiyohiyo, kwa sababu siku zinazotolewa ni chache. Na ikiwa nyumbani kuna anayetumia mashine ya kupumulia au dawa za kuhifadhiwa kwenye friji, mwambieni daktari awaandikie barua ya kuipelekea kampuni ya umeme.

Mtakaporudi kwenye ofisi ile, chukueni vitambulisho na namba za Social Security za kila mmoja nyumbani, hati za mshahara za siku 30 zilizopita, bili na notisi ya umeme, mkataba wa nyumba, na ile karatasi ya mpango, hata kama uliikunja kwa hasira. Pigeni simu siku kadhaa kabla, mseme maneno matatu tu, "Swahili interpreter, please." Shirika linalopokea fedha za serikali kuu linafungwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza kumbagua mtu kwa sababu ya asili yake, na kwa msingi huo ofisi nyingi zina mkataba na wakalimani wa simu wanaopatikana kwa dakika chache, bila malipo. Mwambie mkalimani aulize swali moja kabla ya mengine: fungu la dharura linafunguliwa lini? Na kijana wako, siku hiyo, abaki shuleni.